Chembe Karibu na Tisa

6 Februari

Kwako Sista,

Salamu kwanza, maswali baadaye, ingawa unanijua kwamba maswali ndiyo yanayoniwasha. Leo ni siku ya nane tangu nitoke wodini na tumbo limetulia. Barua hii nampa dereva wa maboksi. Ameniambia mifuko yangu ya maji hupakiwa chini ya ngazi yenu, na kila baada ya wiki mbili atakuwa anakuja huku. Simu niachie mbali. Sikio langu la kulia lilistaafu kabla yangu, na la kushoto linasikia linachotaka.

Mimi nikiitafuta hitilafu huwa naanza mwanzo kabisa, kwa hiyo nivumilie hata kama unayajua haya. Figo ziligoma mwaka jana. Ukanifundisha kusafisha damu kwa kutumia tumbo langu mwenyewe: mfuko wa maji safi juu, mfuko mtupu chini, mrija unaotoka tumboni katikati, mara nne kwa siku. Ukasema hujapata mwanafunzi mzee mwenye mikono kama hii. Miezi mitano ikapita vizuri. Kisha siku moja maji yakatoka na ukungu, tumbo likawaka moto, na huko kwenu mkaniambia bakteria wameingia.

Sasa mimi nauliza, waliingiaje? Chumba cha mifuko ni ile stoo ya nyuma ya karakana yangu. Nilizitoa saa mbovu zote, nikapaka rangi nyeupe. Dirisha linafungwa, feni sina, meza inapanguswa kwa dawa. Mama Pacha, mke wangu, ananisaidia kunipa vifaa. Karatasi yako ya hatua kumi na mbili iko ukutani mbele ya macho yangu.

Nimetengeneza saa miaka arobaini na moja. Haijawahi kuletwa kwangu saa iliyosimama bila sababu.

Wako,
Fundi Saa


19 Februari

Shikamoo Mzee Fundi,

Barua yako niliisoma nimesimama kwenye korido, nikaisoma tena nimekaa. Wagonjwa wengi huniuliza watapona lini. Wewe unauliza mwizi alipita mlango gani, na tangu hapo swali hilo haliniachi.

Mara nyingi wanaoingia ni bakteria wa kwenye ngozi. Mtu kanawa haraka haraka, kidole kimegusa ncha ya mrija, basi. Lakini maji yako tuliyapeleka maabara, wakawaotesha kwenye kisahani wakawaona. Si wa vidole. Ni aina inayoishi mdomoni, kwenye ulimi na kwenye meno. Huko mdomoni wanakaa na kila mtu tangu utotoni bila ugomvi. Wakishukia tumboni kwa njia ya mrija ndipo inakuwa vita.

Kwa hiyo nieleze. Nani huongea chumbani mfuko unapounganishwa? Kuna mwenye kikohozi, au mwenye jino bovu? Barakoa mnavaa wote wawili? Usiniandikie inavyotakiwa kuwa, Mzee wangu. Niandikie inavyokuwa.

Na maji yakigeuka tena usingoje barua. Njoo siku hiyo hiyo.

Mwanao,
Sista wa Ghorofa ya Pili


20 Februari

Marahaba mwanangu,

Dereva anakunywa chai, nami naandika kabla kikombe hakijaisha. Barua yako nimemsomea Mama Pacha kwa sauti, kama ninavyomsomea kila karatasi inayoingia nyumba hii. Nilipofika kwenye jino bovu akainuka akasema ameacha kitu jikoni, na mpaka sasa hajarudi. Hajawahi kupenda habari za wadudu.

Haya majibu yako. Kikohozi hakuna. Meno yangu yamebaki kumi na manne na yote yana adabu. Barakoa tunavaa. Hakuna anayeongea, maana mimi sisikii na yeye amechoka kurudia. Kazi yake ni kunipa kifuniko kipya mkononi, na akishanipa anageuza uso ukutani mpaka nimalize, ili asinipumulie. Ukimwona utadhani anamstahi mtu anayevaa nguo.

Waswahili wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Lakini chumbani humo tumo wawili tu, na mimi simshuku yeye wala sijishuku mwenyewe. Nakiri kesi hii ni ngumu, na ningekuwa mzima ningesema inanifurahisha.

Fundi Saa


20 Februari

Mwanangu Sista,

Hatujazoeana kwa kalamu, lakini sina namna. Hii nampa dereva wakati Fundi ameingia ndani kutafuta gundi ya bahasha. Naomba asijue.

Jino bovu ni langu. Gego la chini, kushoto, tangu mwaka jana. Kila tulipokuja huko hospitali ilikuwa ni safari yake, yeye ndiye aliyebebwa, nikaona aibu kusema na mimi nina langu. Nikajifunza kutafuna upande mmoja. Leo ananisomea kwamba wadudu ni wa mdomoni, na mimi ndiye ninayemkabidhi kile kifuniko, mara nne kila siku iendayo kwa Mungu. Kwa jino moja nimemuua mume wangu nusu.

Kesho nahamia kwa dada yangu, mitaa miwili kutoka hapa. Nitamwambia dada anaumwa mgongo na hana wa kumsaidia. Chakula nitakuwa namletea mpaka mlangoni. Nikimwambia ukweli atasema nibaki, namjua. Na nikibaki nitaimalizia ile nusu nyingine.

Mama Pacha


20 Machi

Mwanangu Sista,

Nimeambiwa ulikuwa kwenye mafunzo, kwa hiyo hukuniona nilivyoletwa nimejikunja kama shati lililotoka kwenye ndoo. Tarehe 2 Machi mfuko wa asubuhi ulitoka kama maji yaliyooshea mchele. Unakumbuka ulinifundisha kuweka gazeti nyuma ya mfuko, nikisoma maandishi niko salama. Siku hiyo hata picha ya ukurasa wa mbele sikuiona. Mama Pacha alinikuta alipoleta chakula, akaomba gari la jirani, akakaa kiti cha nyuma na uso dirishani safari nzima.

Siku tisa wodini, dawa zikitiwa humo humo kwenye mifuko. Maabara wakasema ni wale wale wa mdomoni. Daktari akavuta kiti akakaa karibu yangu, na daktari akikaa ujue si jambo jema. Akasema, "Mzee, ikitokea mara ya tatu mrija tunautoa." Unajua maana yake. Itabidi niwekwe kwenye mashine huko kwenu, mara tatu kwa wiki, na kutoka huku ni safari ya kutwa. Nitafunga karakana nikaishi chumba cha kupanga karibu na geti la hospitali. Dirishani kwangu kuna saa sitini na mbili za watu zinazonisubiri.

Lakini si hilo linalonikosesha usingizi. Mama Pacha ameondoka tangu tarehe 21 Februari. Anasema dada yake anaumwa mgongo. Juzi nimemwona huyo shemeji yangu akiinua ndoo ya maji kwa mkono mmoja. Chakula kinaachwa mlangoni, kinabishiwa hodi, na mimi nikifungua naona kisigino tu kikikata kona.

Nimeelewa. Mtu akichoka amechoka, na miaka thelathini na sita si haba. Kusimama karibu na mrija mara nne kwa siku si ndoa, ni zamu. Sijamuuliza kwa sababu naliogopa jibu, na naliogopa kuliko ninavyomwogopa daktari. Kama nyumba yenyewe imekwisha, basi mwambie daktari mrija autoe tu. Nitahamia huko, kuna ubaya gani.

Ila bado swali liko pale pale. Safari hii nilikuwa peke yangu chumbani. Waliingiaje?

Fundi Saa


2 Aprili

Shikamoo Mama Pacha,

Nisamehe sana. Barua yako niliikuta mezani niliporudi mafunzoni, imekaa chini ya mafaili.

Hesabu siku, mama yangu. Wewe uliacha kuingia chumba kile tarehe 21 Februari. Fundi aliugua tarehe 2 Machi. Hawa wakishaingia tumboni hawangoji siku zote hizo, huanza fujo ndani ya siku mbili tatu. Waliingia wewe ukiwa kwa dada. Jino lako halina kesi. Nenda ukaling'oe kwa sababu linakuuma, si kwa sababu ya mtu.

Kisha rudi nyumbani umwambie mwenyewe. Siri yako sijaifungua, lakini nakuomba uifungue wewe, maana yeye anaamini umemchoka.

Kuna jambo lingine, na hili tulifiche kidogo. Nimemtumia saa yangu aitengeneze na kuniandikia anavyofanya. Akiunganisha mfuko mbele ya watu, anaifuata karatasi ya ukutani. Mimi nataka kujua mikono yake hufanya nini ikiwa haisomi karatasi.

Mwanao,
Sista


2 Aprili

Shikamoo Mzee Fundi,

Kabla hujahamia huku, nipe nafasi moja. Ndani ya boksi la juu kabisa, kwenye soksi, kuna saa ya mkononi. Ilikuwa ya marehemu mama yangu. Imesimama tangu tumzike na sijawahi kumpa fundi, naogopa ataiharibu. Wewe nakupa.

Malipo ninayokuomba kwako ni kuniandikia unavyofanya, hatua kwa hatua, bila kuruka hata ile unayoiona ya kijinga. Nina hamu tu ya kujua.

Kuhusu Mama Pacha sina ninachoruhusiwa kukuandikia. Ila usifunge mizigo kabla hujamuuliza.

Sista


17 Aprili

Marahaba mwanangu, na asante kwa saa,

Kabla ya saa nikupe la nyumbani. Jumamosi Mama Pacha aliingia karakana bila hodi, shavu limevimba, pamba mdomoni, hawezi kuongea. Akaweka kitu mezani kwangu kimefungwa kwenye karatasi. Nikafungua nikakuta gego. Nimepokea vitu vingi juu ya meza ile lakini gego lilikuwa la kwanza. Pamba ilipotoka akanieleza habari yote ya jino, na hesabu yako ya siku. Nililia, Sista, nakuandikia wazi. Wiki sita nilikuwa nakumbuka makosa yangu ya ndoa moja moja, na mwenzangu wiki hizo hizo alikuwa mitaa miwili kutoka hapa akinilinda na jino lake. Ningeuliza siku ya kwanza tungeokoa machozi ya watu wawili. Gego nimeliweka kwenye kikopo cha skrubu, sijui la nini.

Amerudi, lakini chumba cha mifuko hataki kukiingia. Anaishia mlangoni. Bado anaogopa.

Sasa saa. Umesema nisiruke kitu. Nanawa. Nawasha taa ya meza. Naweka lenzi jichoni. Nafungua mgongo wa saa kwa kisu chembamba, napuliza. Nalegeza springi kubwa isije ikanirukia usoni. Natoa kile kibati kinachoshika magurudumu, nakipuliza, nakiweka kwenye kisahani upande wa kulia. Gurudumu la kati nalishika kwa kibano, nalipuliza, nayatazama meno yake yote kwa zamu, nalipuliza tena. Hapo ndipo nilipomkamata mhalifu wako: uzi wa nguo, mwembamba kuliko unywele wa mtoto, umejisokota kwenye gurudumu la nne. Pengine ni wa nguo ya marehemu. Nimeuhifadhi, nikadhani utautaka.

Kila kipande nakiosha kwa petroli safi nakikausha. Kurudisha ni kinyume cha kufungua. Kila kiungo, kabla hakijakutana na mwenzake, napuliza, naweka tone la mafuta, nabana skrubu. Mwisho kioo nakifuta kwa kitambaa laini, napuliza, nafunika. Hiyo ndiyo njia niliyofundishwa nikiwa na miaka kumi na tisa. Mwalimu wangu alikuwa akisema kiungo ambacho hakijapulizwa hakijasafishwa.

Yako sijaifunga. Springi imechoka, nimeagiza nyingine.

Fundi Saa


30 Aprili

Shikamoo Mzee Fundi,

Uzi huo nautaka. Asante kwa kunifikiria.

Barua yako nimeisoma na kalamu nyekundu mkononi. Umepuliza mara sita. Na umeniandikia mwenyewe kwamba kila kiungo, kabla hakijakutana na mwenzake, unakipuliza. Mrija wako na mfuko wako navyo ni viungo viwili, Mzee wangu.

Sikushtaki, maana sijaona. Hapa wodini hukupuliza, nilikusimamia wiki mbili na macho yangu mawili. Lakini hapa kuna taa kubwa juu ya kitanda, na nilikuwa nimekukodolea. Pumzi nyingi zinaweza kupita salama. Moja tu ikibeba wadudu inatosha.

Usijichunguze mwenyewe, hutaweza. Mwombe Mama Pacha aingie chumbani leo, avae barakoa, akae kwenye kiti. Na safari hii asigeuze uso. Akikuambia ameona, usiunganishe. Funga klipu ya mrija mpige simu wodini.

Sista


15 Mei

Mwanangu Sista,

Ulituona siku ile nilipomleta kubadilishwa ncha ya mrija na kupewa dawa ya kinga, lakini mbele yake sikuweza kukusimulia vizuri. Anajitetea sana. Acha nikusimulie sasa, yeye yuko karakana.

Barua yako aliisoma kwa sauti kama kawaida, akacheka. Akasema Sista ni hodari ila hapa amepotea njia. Nikavaa barakoa, nikaingia, nikakaa. Akanawa, akahesabu mpaka mwisho. Akavaa barakoa. Akapangusa meza. Akatundika mfuko, akaisoma tarehe yake. Yote sawasawa na karatasi, hatua baada ya hatua, nikawaza kweli umepotea njia.

Kisha akafungua kifuniko cha mrija. Balbu ya mle ndani ni moja na iko nyuma yake, kwa hiyo akainama kutazama. Miwani ikaingia ukungu wa pumzi. Akaishusha barakoa chini ya midomo kwa kifundo cha mkono, miwani ikang'aa, akaisogeza ile ncha karibu na uso. Na midomo ikajikunja.

"Umepuliza," nikamwambia.

"Sijapuliza."

"Fundi. Umepuliza."

Alikuwa ameishika ncha hewani, nusu ya njia kuelekea kwenye mfuko. Hakuiunganisha. Akaitazama muda mrefu. Nikamsogelea nikaifunga klipu mimi, maana mikono yake ilikuwa imeacha kazi. Halafu akasema polepole, "Mara nne kwa siku."

Siku ile hakula. Alijua ni yeye, na alijua mimi nimeng'oa gego na kulala mkekani kwa dada wiki sita kwa kosa ambalo lilikuwa mdomoni mwake. Nikamwambia gego lilikuwa bovu kweli, asijisifu.

Uliniuliza siku ile imekuwaje sikuona mapema. Kwanza nilikuwa nautazama ukuta, nikidhani ndiyo usalama. Halafu, mwanangu, yule mtu anapuliza kila kitu. Alipuliza macho ya pacha wangu yalipoingia vumbi. Anapuliza uji, kitabu kabla hajakifungua, kiti kabla sijakikalia. Baada ya miaka thelathini na sita ningeonaje?

Taa ya karakana tumeihamishia kwenye mifuko. Barakoa naibandika kwa plasta juu ya pua yake, na miwani haishiki ukungu tena. Na mimi siutazami ukuta. Nakaa mbele yake nikimtazama usoni mpaka amalize, mara nne kwa siku. Tangu harusi hatukuwahi kutazamana hivi, na tunaona aibu kidogo.

Mama Pacha


12 Juni

Mwanangu Sista,

Daktari alinipima wiki iliyopita. Safari hii hakukaa, alisimama, nikajua ni heri. Mrija unabaki. Maji yanatoka maangavu kabisa, na leo asubuhi nimesoma kupitia kwenye mfuko matangazo yote ya vitu vilivyopotea, hata yale ya herufi ndogo. Kuna mtu anatafuta mwavuli wa kijani. Karakana iko wazi, na zile sitini na mbili zimebaki kumi na tisa.

Nakiri umenishinda. Nilitafuta mlango, dirisha na ukuta, na mlango ulikuwa chini ya pua yangu. Mazoea yana taabu, na mganga hajigangi. Nilipojua sikukuandikia kwa sababu ya aibu. Mama Pacha alikuandikia, najua, kaniambia.

Saa ya mama yako imo kwenye boksi tupu ninalorudisha, ndani ya soksi yake, pamoja na ule uzi kwenye karatasi. Springi ni mpya. Nimeitazama siku kumi na haipotezi hata dakika. Itie ufunguo asubuhi, si usiku.

Kuna jambo moja lazima nikuambie kabla hujaliona. Ukiielekeza kwenye mwanga utaona chembe ya vumbi ndani ya kioo, karibu na tisa. Haigusi mshale, haitaisimamisha. Lakini ipo. Zamani ningejificha uvunguni kuliko kumrudishia mtu saa ya namna hiyo, tena saa ya marehemu mama yake.

Nimenunua kipulizo cha mpira, ila mkono haujakizoea, kilinihamishia vumbi kutoka mbili hadi tisa. Na kwa mdomo nimeacha, hata kwenye saa. Mdomo haujui kwamba meza hii ni ya saa na ile ni ya mrija. Nikiuruhusu huku, utajiruhusu kule.

Ile chembe niliiona kwenye lenzi kabla sijafunika. Ilikuwa inatosha pumzi moja. Midomo ikaanza kujikunja yenyewe. Nikainua macho, nikamkuta Mama Pacha amesimama mlangoni na kikombe cha chai, ananitazama.

Nikafunika.

Wako,
Fundi Saa